Mwenyekiti wa SACCOS si meneja mkubwa

Katika vyama vyetu tunachanganya kuongoza na kuendesha, na Kiswahili chetu nacho kina sehemu ya lawama. Kila mwenye cheo tunamwita kiongozi, na neno "usimamizi" tunalibebesha mizigo miwili: kuendesha shughuli na kuwakagua wanaoziendesha. Kwa mfano, Kamati ya Usimamizi ya SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, licha ya jina lake haiendeshi ofisi hata kidogo. Inakagua tu, ofisi ni ya menejimenti. Natumia mfano wa vyama hivi hapa Tanzania kwa sababu mgawanyo wake uko wazi: mkutano mkuu unachagua bodi, bodi inaajiri meneja.

Kazi nyingi za meneja zina majibu yanayojulikana. Fedha taslimu zihesabiwe na kufungwa kila jioni. Usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha vitabu vya chama na taarifa ya benki, ufanyike kila mwezi. Mikopo iliyochelewa ipangwe kwa umri: siku 1 hadi 30, 31 hadi 60, 61 hadi 90, na kuendelea. Mkopaji apigiwe simu siku za mwanzo kabisa, maana wadhamini wakiandikiwa barua baada ya miezi 3, mshahara umeshakatwa na wakopeshaji wengine. Meneja asiyejua salio la jana hafai, hata awe na ulimi wa asali.

Kuongoza kunaanza pale utaratibu unapokosa jibu. Tuseme mwaka umefungwa na, baada ya tengo la kisheria (akiba ambayo sheria inataka chama kiiweke kando), imebaki ziada ya shilingi milioni 40. Wanachama wanataka yote iwe gawio. Lakini chama kinakopesha kwa fedha za benki zenye riba kubwa, na mwombaji anasubiri wiki 3, kwa hiyo anakimbilia kausha damu, mikopo ya mitaani yenye riba ya kunyonya. Meneja anaweza kuzipunguza wiki hizo 3 ziwe siku 4 kwa kuondoa saini zisizo na kazi. Kuamua kwamba milioni 25 zibaki kwenye mtaji si kazi yake. Hapo anatakiwa mwenyekiti azunguke tawi kwa tawi kabla ya mkutano mkuu, hesabu mkononi, aonyeshe riba inayolipwa benki ni sawa na gawio la watu wangapi, na avumilie kuzomewa. Akisubiri siku yenyewe ya mkutano ameshachelewa. Ukumbini watu hupiga kura na jirani zao, si na hesabu.

Simaanishi kwamba meneja haongozi. Akihamisha kumbukumbu kutoka daftari kwenda kwenye kompyuta, ratiba ya mafunzo ni uendeshaji, ila keshia anayeficha daftari lake kwa hofu ya kupunguzwa kazi hatibiwi kwa ratiba.

Kama unashuku kazi zimechanganyika, chukua mihtasari ya vikao 3 vya mwisho vya bodi. Kila ajenda iwekee alama: inahusu mwelekeo, sera na ukaguzi, au inahusu wino wa printa, posho ya dereva na mkopo mdogo wa mtu mmoja? Nusu ikiwa ya kundi la pili, bodi inafanya kazi ya meneja, na ile yake haina mwenyewe. Meneja naye huacha kuamua, kila kitu anakipeleka kikaoni, kisha mikopo ikichacha hapatikani wa kuulizwa.

Dalili mbaya kuliko zote ni kitabu cha hundi kilichosainiwa kabla, eti mwenyekiti anakaa mbali. Hapo mwenyekiti haongozi wala haendeshi, na udhibiti wa saini mbili umekufa. Dawa ni viwango vya idhini ya mikopo vilivyoandikwa: kwa mfano, hadi milioni 2 meneja, hadi milioni 15 kamati ya mikopo, zaidi ya hapo bodi. Maombi ya wajumbe wa bodi na watumishi yawekewe njia yake, na mwombaji atoke nje ya chumba yanapojadiliwa. Mtiaji saini anayekaa mbali abadilishwe.