Kabla hujapaka basementi, ujue maji yanatoka wapi

Napaka sakafu za zege hapa Ohio, na simu nyingi ninazopokea kutoka kwa Waswahili wenzangu zinahusu basementi. Mtu kanunua nyumba ya zamani, ya miaka ya 1940 au 1950, na huko chini kuna chumba kizima kimekaa bure. Mmoja anataka watoto wapate pa kuchezea, mwingine anataka kusukia watu nywele. Kishaangalia video za sakafu zinazong'aa kwa epoksi, ile rangi nzito ya kuchanganya vimiminika viwili inayoganda ngumu, basi salamu zikiisha tu, swali ni hilo hilo: "Fundi, epoksi unapiga bei gani kwa futi ya mraba?" Mimi nami namuuliza: mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, huko chini kunanukaje?

Akisema kunanuka uvundo, bei inasubiri.

Zege lina vinyweleo. Siku hizi kabla ya kumwaga sakafu watu wanatandika nailoni nzito juu ya kokoto ili kuzuia unyevu usipande, lakini nyumba nyingi za zamani hazina kitu hicho, zege limekaa juu ya udongo hivi hivi. Na udongo wa huku mwingi ni mfinyanzi, ukishashika maji hauachii upesi. Kwa hiyo sakafu ya namna hiyo inapitisha mvuke usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi, na wewe huoni kitu kwa sababu mvuke ukifika juu unapotelea hewani. Sasa umeifunika kwa epoksi nzito isiyopitisha hewa. Mvuke unaendelea kupanda kama zamani, ila umekosa pa kutokea.

Matokeo yake ni malengelenge. Yanaweza kujitokeza baada ya wiki chache, au baada ya mwaka, wakati fundi aliyepaka hapokei tena simu. Nikiitwa kukagua sakafu ya aina hiyo huwa natoboa lengelenge moja kwa ncha ya kisu. Mara nyingi yanatoka maji, na ukiyagusa yana utelezi wa sabuni. Vaa glavu, kwa sababu maji hayo ni makali kwa ngozi. Nikichovya karatasi ya kupimia pH, yaani ukali wa asidi au alkali, inageuka buluu iliyokoza, maana maji yaliyopita ndani ya zege yanabeba alkali yake, na pH ya 12 ni jambo la kawaida. Hapo ndipo kazi inapoharibika zaidi. Tone lenye chumvi nyingi lililonaswa chini ya rangi linavuta maji mengine kutoka kwenye zege, shinikizo linaongezeka, na lengelenge lililokuwa dogo kama punje ya mtama linatanuka mpaka linapasuka. Ukipaka rangi nyingine juu yake umeongeza gharama tu. Inabidi yote isagwe, uanze upya.

Kwa hiyo kabla ya kugusa ndoo natafuta chanzo cha maji, na chanzo cha kwanza karibu kila mara kiko nje. Chukua paa la mita za mraba 100. Mvua ya milimita 25 ikinyesha hapo ni lita 2,500. Zote zinaingia kwenye mifereji ya paa, na bomba la kushushia linazimwaga hapo hapo kwenye kona ya nyumba, kando ya ukuta wa basementi. Halafu mwenye nyumba anashangaa kona hiyo kuwa na unga mweupe, chumvi inayoachwa na maji yakikauka! Refusha bomba limwage maji mita mbili au tatu mbali na ukuta. Kanuni za ujenzi za huku zinataka ardhi iteremke inchi 6 katika futi 10 za kwanza kutoka ukutani, yaani sentimita 15 hivi katika mita tatu, na nyumba nyingi ninazofika ardhi imeshadidimia, inateremkia ndani. Lori la udongo na koleo ni nafuu kuliko kazi yangu. Nimeshawaambia watu hivyo na nikakosa kazi, sijutii.

Chanzo cha pili kinawachanganya wengi, nacho ni umande. Julai huku hewa ya nje inaweza kuwa nyuzi 29 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 70. Hewa ya namna hiyo inaanza kuacha maji ikikutana na kitu chenye nyuzi 23 au chini, na sakafu ya basementi inaweza kuwa na 17. Mtu anafungua madirisha "ili kukauke," kumbe ndiyo analeta maji ndani. Dawa yake ni kufunga madirisha na kuwasha mashine ya kukausha hewa. Epoksi haihusiki hapa, ila sakafu iliyopakwa ikilowa umande inateleza vibaya sana.

Cha tatu ndicho kinachonihusu mimi: unyevu unaopanda kutoka chini. Kuna kipimo cha bure ambacho kila mtu anakifahamu. Unabandika nailoni ya sentimita 45 kwa 45 sakafuni, unaifunga kwa tepu pande zote nne, unaiacha saa 16 au zaidi. Ukiifunua ukakuta matone upande wa chini, au zege limekolea rangi, unyevu unapanda. Matone yakiwa juu ya nailoni, huo ni umande wa chumbani. Kipimo hiki nakitumia kwa upande mmoja tu: kikisema kuna maji, nakiamini. Kikisema pakavu, sikiamini, kwa sababu siku moja na nailoni moja haziwezi kukupa habari za sakafu nzima kwa mwaka mzima. Mtu akipima Januari wakati ardhi ya nje imeganda, halafu akapaka, theluji itakapoyeyuka Machi atanitafuta.

Kipimo ninachokitegemea ni cha kutoboa. Natoboa tundu kwa drili hadi asilimia 40 ya unene wa sakafu, kwa hiyo zege la sentimita 10 natoboa sentimita 4. Nasafisha vumbi, naingiza kihisio, naziba, naacha saa 24, kisha nasoma unyevu wa hewa iliyoko ndani ya tundu, kwa asilimia. Kuna pia kipimo cha chumvi ya kalisi, kinachopimwa kwa uzito wa maji inayonyonya, lakini kinasoma zaidi tabaka la juu la zege, na balaa la basementi linatoka kwenye kina. Namba ikishapatikana nailinganisha na karatasi ya maelezo ya epoksi yenyewe. Nyingi za kawaida zinaweka kikomo kati ya asilimia 75 na 85. Ikizidi hapo kuna epoksi za tabaka la kwanza zilizotengenezwa mahususi kuvumilia unyevu mkubwa, nazo bei yake imechangamka.

Maji yakiwa yanasukumwa, yaani unayaona yakichuruzika kwenye ufa mvua ikikolea, sipaki. Hiyo ni kazi ya mtu wa mifereji na pampu. Na hapa niseme neno kuhusu pembezoni: kuna basementi ambazo sakafu imeachwa nafasi ndogo kuzunguka ukuta wote, upana wa kidole. Wengi wanadhani ni uchakavu, wanaijaza silikoni. Katika nyumba nyingine nafasi hiyo ndiyo njia ya maji ya ukutani kushuka kwenda kwenye shimo la pampu. Uliza kwanza kabla ya kuziba. Na kama nyumba ina radoni, gesi ya mionzi inayopanda kutoka ardhini, usitegemee epoksi ikuzuilie. Idara ya mazingira ya Marekani, EPA, inashauri kuchukua hatua ikifika 4 pCi/L (pikokyuri kwa lita, kipimo cha mionzi hewani), na hatua yenyewe ni bomba na feni ya kuivuta chini ya sakafu.

Maandalizi yenyewe sina mengi ya kusema: nasaga kwa mashine ya almasi iliyounganishwa na kifyonza vumbi chenye chujio la HEPA, linalonasa vumbi jembamba kabisa, maana vumbi la zege lina silika, na silika inaua mapafu polepole. Asidi ya kuoshea sakafu siitumii basementi. Inaongeza maji mahali ninapopigana na maji, na moshi wake ukitanda chumba cha chini chenye tanuri la kupashia nyumba joto, unakula chuma. Lakini ukikuta vigae vya zamani vya inchi 9 kwa 9, au gundi nyeusi iliyobaki baada ya kuving'oa, usisage wala usikwangue. Vingi vya aina hiyo vilitengenezwa kwa asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu zikivutwa. Peleka kipande maabara kwanza.

Na kuna sakafu ambazo nashauri zisipakwe epoksi kabisa. Mzee mmoja wa kutoka Goma alikuwa na basementi ya kufulia na kuwekea akiba ya chakula, na kipimo kilikataa sehemu tatu kati ya nne. Nikamwambia: "Mzee wangu, hapa nikusagie, nizibe nyufa, nikupigie dawa ya silikati." Dawa hiyo inaingia ndani ya zege na kulikaza, haifanyi ngozi juu, mvuke unaendelea kupita. Vumbi linapungua, sakafu inafagilika. Akaniangalia. "Na itang'aa?" Kidogo sana, nikasema. Alinyamaza, akaniuliza tena bei ya epoksi, nikamtajia ya ile inayovumilia unyevu. Silikati ikashinda.

Kwa anayetaka epoksi na kipimo kimekubali, nawaomba watu wawe na subira ya kalenda. Kupima nafanya Machi na Aprili, ardhi ikiwa imeshiba maji, ili nione hali mbaya kabisa. Kupaka napenda Septemba au Oktoba, umande wa kiangazi umepungua na tanuri halijaanza kuunguruma. Siku ya kupaka, zege liwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani lile joto ambalo hewa inaanza kuacha maji, na mashine ya kukausha hewa iwe imeshafanya kazi siku kadhaa. Mashine ya kufulia izimwe mpaka nikuruhusu, na maboksi yote yaondoke, hata yale ya nyuma ya ngazi. Huko nyuma ya ngazi ndiko ninakoanzia kupima.