Mmenyuko wa ioni ndani ya gesi: jinsi unavyofichua muundo wa molekuli

Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, nyuzi zinazotoka kwenye korona, yaani mashine ya kuchambua majani, ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kinachobaki ni maji na makapi, na humo mna hekojenini, malighafi inayotumika kutengenezea dawa za steroidi. Ukiisafisha na kuipitisha kwenye spektrometa ya tungamo, mashine inayopima uzito wa molekuli, utapata namba 430. Huo ni uzito tu. Hausemi kwamba kati ya oksijeni zake 4, moja ni haidroksili (OH), moja ni ketoni (oksijeni iliyoshikana na kaboni kwa bondi mbili), na mbili zimefungwa ndani ya pete. Mzani wa sokoni nao hukupa kilo bila kukwambia ndani ya gunia mna nini.

Mmenyuko wa ioni ndani ya gesi ni njia ya kuihoji ioni, yaani molekuli iliyopewa chaji ya umeme, ikiwa bado ndani ya mashine. Unaingiza gesi au mvuke wa kitendanishi unachokijua tabia, unaiacha ioni ikutane nacho, kisha unapima tena uzito. Kilichoongezeka au kupungua kinakuonyesha ioni ilikuwa na kundi gani. Njia hii si sawa na ile ya kuigonga ioni kwa agoni au nitrojeni hadi ivunjike: agoni haimenyuki na kitu, inavunja tu, na vipande vya isoma mbili (molekuli zenye atomi zilezile zilizopangwa tofauti) mara nyingi hufanana.

Aina ya zamani ambayo bado inatumika sana ni uionishaji wa kikemia, ulioanzishwa na Munson na Field mwaka 1966. Chumba cha ioni hujazwa methani kwa kanieneo ya paskali 100 hivi. Elektroni huipiga methani, na baada ya migongano hupatikana CH5+ (17), C2H5+ (29) na C3H5+ (41). CH5+ huigawia sampuli protoni kwa urahisi, kwa sababu methani ina mshiko dhaifu wa protoni, kilojuli 544 kwa moli. Kwa hiyo tafuta vilele vitatu, M ikiwa ni uzito wa molekuli: M+1, M+29 na M+41. Vikionekana vyote kwa nafasi hizo, uzito wa molekuli hauna ubishi. Amonia ni mpole zaidi. Mshiko wake ni kilojuli 854, hivyo vitu vingi vyenye oksijeni havipati protoni kutoka kwake, vinabeba amonia nzima na kuonekana kwenye M+18.

Kazi ya kutafuta muundo hasa hufanyika kwenye mtego wa ioni, chumba kinachozishikilia ioni kwa nguvu ya umeme. Kwanza tenga ioni moja na kufukuza nyingine zote. Usipofanya hivyo hutajua zao limetoka kwa nani. Ndani ya mtego tayari mna heliamu ya kupoza ioni, karibu paskali 0.1. Ongeza kitendanishi kidogo sana, tuseme paskali 0.001. Kwa kiasi hicho ioni hugongana na kitendanishi mara moja kila milisekunde 4 hivi, kwa hiyo kuisubirisha milisekunde 100 ni kuipa nafasi 20 na ushei. Piga spektra kwa muda tofauti: milisekunde 10, 50, 100, 300. Zao la kweli hukua huku ioni mama ikipungua.

Kitendanishi kizuri cha kuanzia ni trimethili borati (uzito 104). Ioni yenye protoni na oksijeni huishika, kisha methanoli (32) huondoka, na uzito unapanda kwa 72. Ioni ya 101 itaonekana 173. Uzuri wake uko kwenye boroni: boroni-10 ni asilimia 20 na boroni-11 ni asilimia 80, kwa hiyo pembeni, kwenye 172, lazima pawe na kilele cha robo ya kile kikubwa. Kisipokuwepo, hicho si boroni. Ila amini huing'ang'ania protoni yake wala haimenyuki, hivyo kimya hakithibitishi kwamba oksijeni haipo.

Kuhesabu haidrojeni zilizo kwenye oksijeni au nitrojeni, tumia methanoli yenye duteriamu (haidrojeni nzito), CH3OD. Kila haidrojeni inayobadilishwa huongeza 1. Hekojenini yenye protoni (431) ina OH moja na protoni ya nyongeza, hivyo tarajia 433.

Bondi maradufu kati ya kaboni hutafutwa kwa ozoni. Asidi ya oleiki na asidi ya vakseniki zote hutoa ioni hasi ya 281. Ozoni huikata bondi ilipo: oleiki hutoa 171 na 187, vakseniki 199 na 215.

Adui mkubwa pwani ni maji. Unyevu wa Tanga hujipenyeza kwenye mirija ya gesi kila inapofunguliwa, na ioni yenye pengo la kupokea molekuli nyingine huyashika maji na kuonekana +18. Ukiwa unatumia amonia utadhani ni zao lake, kwa kuwa NH4+ nayo ni 18. Mashine yenye usahihi wa juu huzitofautisha: maji ni 18.011, NH4+ ni 18.034. Maji hayo hayo hurudisha haidrojeni ya kawaida pale ulipoweka duteriamu, na hesabu inatoka pungufu. Pasha mirija moto usiku kucha chini ya ombwe, kisha piga spektra tupu bila kitendanishi kabla ya sampuli. Chunga pia sodiamu: ioni ya M+23 haina protoni ya kugawa, itakaa tu ikikutazama.

Tigojenini na neotigojenini, ndugu wawili wa hekojenini, zote 416, zinatofautiana kwa mwelekeo wa kaboni moja tu, na vitendanishi hivi havitazitenga. Hapo rudi kwenye safu ya kromatografia ukiwa na sampuli halisi ya kulinganishia.