Uzito ukirudi baada ya upasuaji wa tumbo, usijifiche

Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo akianza kunenepa tena, kitu cha kwanza anachoacha ni kuja kliniki. Anaona aibu. Alisafiri hadi Dar es Salaam kwa fedha nyingi, ndugu walichanga, na mtaani walimsifia alivyopungua. Sasa nguo zinabana na hataki kuiona mizani. Sisi wa kitengo cha lishe tunakuja kumwona baada ya mwaka au miwili, presha na sukari zimeshapanda upya. Kujificha huku kunaniumiza kuliko kilo zenyewe, maana kilo nne au tano zikiwahiwa hazisumbui sana.

Upasuaji unaofanyika zaidi ni wa aina mbili. Kwenye ule wa kwanza, daktari huondoa karibu robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi kidogo, unabaki mwembamba kama ndizi. Kwenye wa pili, hutengeneza kifuko kidogo na kukiunganisha na utumbo mdogo ili chakula kipite njia ya mkato. Homoni nazo hubadilika. Sehemu inayoondolewa kwenye ule wa kwanza ndiyo inayotoa kwa wingi ghrelini, homoni ya njaa, na ndiyo sababu miezi ya mwanzo mtu husahau hata kula. Uzito hushuka kwa mwaka mmoja hadi miwili, kisha husimama, na kwa wengi hupanda kidogo. Mwili uliopungua hutumia nishati kidogo kuliko zamani, njaa hurejea taratibu, na kifuko chenyewe hutanuka kiasi. Huo si uvivu wa mtu.

Shida ni pale uzito unapopanda mwezi baada ya mwezi. Mama mmoja mfanyabiashara wa Mwanjelwa, aliyeniruhusu nisimulie bila kumtaja, alikuja akiwa ameongezeka kilo 9. Aliniambia, "Mwanangu, mimi nakula tonge tatu tu nashiba." Alisema kweli. Nikamwomba anipitishe kwenye siku yake tangu alfajiri. Chai ya maziwa kabla ya kutoka nyumbani, maana baridi ya Juni hapa Mbeya haivumiliki. Nyingine akifika kibandani, na nusu andazi. Saa nne tena, mchana tena, na jioni akifunga hesabu. Vikombe vitano, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Nikachukua bilauri nikamimina kijiko kimoja kimoja hadi 15. Kijiko cha chai hubeba gramu 4 hadi 5, kwa hiyo zilikuwa gramu 60 au zaidi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi kama gramu 50 kwa mtu mzima anayehitaji kalori 2,000. Akaishika ile bilauri, akaigeuzageuza mkononi, asiseme neno.

Tumbo dogo huzuia chakula kigumu. Nyama au maharage hukaa, mtu anashiba. Chai ya sukari, soda, juisi na uji mtamu hupita kama maji. Ulanzi na komoni pia, na kwa aliyefanyiwa ile njia ya mkato pombe huingia kwenye damu haraka sana, hivyo ajihadhari mara mbili. Biskuti, krispi na maandazi hulainika mdomoni na kuteleza vilevile. Kudokoadokoa hivyo mchana kutwa hakumpi mtu hata nafasi ya kujua kwamba amekula.

Kwa hiyo anza na protini, gramu 60 hadi 80 kwa siku: maharage, mayai, maziwa mgando yasiyo na sukari, kuku, usipa wa Kyela. Maliza hizo kwanza, ndipo uguse ugali au wali. Usinywe wakati wa kula. Subiri nusu saa baada ya kumaliza. Parachichi letu la Rungwe ni chakula kizuri, nami nalipenda mno, lakini lina mafuta mengi, kipande kinatosha. Tembea, panda vilima, nyanyua dumu la maji la lita 5, maana misuli ikipungua mwili hutumia nishati kidogo zaidi.

Ninachokuomba sana usifanye ni kujishindisha njaa au kunywa chai za kuharisha zinazouzwa mitandaoni. Mwili wako tayari una hatari ya kukosa madini na vitamini, ndiyo maana vidonge vyake ni vya maisha. Ganzi miguuni au kuishiwa nguvu ni sababu ya kuja kupimwa. Kutapika kusikokoma ni dharura.

Chanzo kingine huwa ni dawa: insulini, steroidi, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, hata sindano ya uzazi wa mpango. Usiziache mwenyewe, daktari ndiye atakayepanga upya. Ukijikuta unamaliza sahani nzima, au kiungulia kimekukaa, huenda ukahitaji picha au kipimo cha kamera. Zipo pia dawa za sindano za kupunguza hamu ya kula. Kurudia upasuaji hufikiriwa mwisho, kwa kuwa hatari zake huwa kubwa kuliko mara ya kwanza.

Yule mama sasa anakunywa chai ya tangawizi bila sukari. Amepungua kilo 4 na hatukumwahidi kufika tena chini kabisa alikokuwa. Wewe ukija, njoo na karatasi za upasuaji, dawa zako zote, na kikombe unachonywea chai nyumbani.