Kusikiliza kwa Mwili: Mtoto Mdogo na Muziki wa Klasiki

Kusikiliza kwa mwili ni njia ya kumwingiza mtoto mdogo katika muziki wa klasiki kwa kumwacha ausikie na kuutembea papo hapo, tangu angali anabebwa mgongoni hadi anapokaribia darasa la kwanza. Muziki unapigwa, mtoto ananyata, anayumba, anazunguka, anaganda, anainua mikono au kuishusha kufuatana na anachokisikia. Hakuna noti za kusoma wala ala ya kushika, na hakuna mtihani. Mzazi au mwalimu anatazama, na kwa kutazama anajua mtoto amesikia nini. Mtoto wa miaka minne hana maneno ya kueleza kwamba muziki umepungua kasi au kwamba sauti nzito imeingia chini ya ile nyembamba, lakini miguu yake inaweza kuyasema yote hayo.

Tukisema muziki wa klasiki, wengi wetu tunamaanisha muziki wa Ulaya ulioandikwa kwa noti: wa okestra, wa kinanda, wa violini, wa kwaya kubwa. Wanahistoria wa muziki hulibana jina hilo zaidi, wakalipa kipindi cha takriban mwaka 1750 hadi 1820, enzi za Haydn, Mozart na Beethoven. Hapa nalitumia kwa maana pana. Na kwa kuwa tuko Uganda, nisingependa mtoto akue akidhani kwamba muziki wenye kanuni na mafundi wake ulizaliwa Ulaya peke yake. Ikulu ya Kabaka wa Buganda ilikuwa na ennanga, kinubi cha nyuzi nane. Ilikuwa na akadinda, marimba kubwa inayopigwa na watu kadhaa kwa pamoja. Ilikuwa na entenga, ngoma zilizowambwa ili kila moja itoe sauti yake katika wimbo. Nitaurudia muziki huo, kwa sababu unamsaidia mtoto kuliko tunavyofikiri.

Kuna watu wanaoshangaa: Mozart na kucheza wapi na wapi? Picha waliyo nayo ni ya ukumbi wa kimya, watu wamevaa suti, hakuna anayethubutu kukohoa. Kimya hicho ni desturi iliyoshika mizizi katika karne ya 19. Kabla ya hapo hadhira za Ulaya zilikuwa na mdomo. Mnamo Julai 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris akifurahi kwamba wasikilizaji walipiga makofi katikati ya simfoni yake mpya, pale pale walipoguswa. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya muziki huu ilitokana na dansi. Bach aliandika mifululizo ya vipande vyenye majina na mapigo ya dansi za wakati wake. Simfoni nyingi za Haydn na Mozart zina sehemu ya minueti, dansi ya mapigo matatu. Kwa hiyo mtoto anayeyumba muziki huo unapolia anafanya jambo ambalo muziki wenyewe ulishalijua. Anayemwambia akae kitako atulie ndiye anayeleta ugeni.

Sababu kubwa zaidi imo katika ubongo wa mtoto. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Kanada, Jessica Phillips-Silver na Laurel Trainor, walichapisha jaribio walilofanya na watoto wachanga wa miezi saba. Waliwapigia mdundo usio na mkazo, yaani mdundo ambao mtu angeweza kuuhesabu kwa mawili au kwa matatu. Mdundo ukiendelea, watoto wengine walirushwarushwa mikononi kila pigo la pili, wengine kila pigo la tatu. Baadaye watoto wote walisikilizishwa midundo yenye mkazo ulio wazi. Waliorushwa kwa mawili walipendelea kusikiliza mdundo wa mawili, na waliorushwa kwa matatu wakapendelea wa matatu. Masikio yao yalikuwa yamepokea mdundo ule ule. Mwili ndio uliowaambia wausikie vipi. Na watoto waliotazama tu mtu mzima akirukaruka, bila wao wenyewe kurushwa, hawakupata upendeleo huo.

Nikilifikiria jaribio hilo huwa nawaona mama zetu. Mama wa Bwaise au Arua anayefua huku redio inalia, mtoto amefungwa mgongoni kwa kitenge, kila anapoinama na kuinuka anamfundisha mtoto kuhesabu mapigo. Hakusomea popote, na hakuna chombo cha kununua dukani kinachoweza kuishinda kazi hiyo. Akitaka kumjulisha mtoto muziki wa klasiki katika umri huo, aweke kipande cha mapigo matatu, waltz yoyote, achezecheze naye akikaza pigo la kwanza. Basi. Mtoto wa chini ya miaka miwili hahitaji zaidi.

Aliyeifanya njia hii kuwa somo lenye utaratibu ni Émile Jaques-Dalcroze, mwanamuziki wa Uswisi aliyezaliwa Vienna mwaka 1865. Akiwa mwalimu katika chuo cha muziki cha Geneva, aliona kwamba wanafunzi wake walijua kuandika sauti kwenye karatasi lakini hawakuzisikia vichwani mwao, na wengine hawakuweza kushika mdundo ulio sawa. Hata hivyo walitembea vizuri barabarani, na walipokuwa wakisikiliza muziki miguu yao iligonga sakafu yenyewe. Akaanzia hapo. Akawainua kwenye viti, akawatembeza darasani huku yeye akipiga kinanda: kinanda kikienda mbio wanakwenda mbio, kikinyamaza wanasimama, kikizama chini wanainama. Wenzake wengine waliona ni upuuzi. Leo chuo alichokianzisha Geneva mwaka 1915 kingali kinafundisha, na mbinu yake imeenea katika nchi nyingi. Kiini chake ni kwamba mtu aujue muziki mwilini kwanza, jina la jambo lije baadaye.

Sasa kuna dai moja ambalo lazima nilitenge, kwa kuwa wazazi wengi wanalileta: kwamba Mozart humfanya mtoto awe na akili. Dai hilo lilitokana na jaribio dogo lililochapishwa mwaka 1993. Wanafunzi 36 wa chuo kikuu huko California, watu wazima hao, walisikiliza sonata ya Mozart ya vinanda viwili kwa dakika 10, kisha wakafanya vizuri kidogo katika maswali ya kukunja na kukata karatasi kwa mawazo. Faida yenyewe haikudumu zaidi ya robo saa. Hapakuwa na mtoto hata mmoja katika jaribio hilo, na wengine waliolirudia hawakupata matokeo yale yale. Lakini biashara ilikwishaanza, kanda na diski za kuongeza akili zikauzwa duniani kote. Mimi naona dai hili linamdhulumu mtoto. Linamfanya mzazi autumie muziki kama dawa ya minyoo, mtoto ameze hata kama hataki, kisha matokeo yasubiriwe kwenye ripoti ya shule. Anachokipata mtoto kweli kwa kusikiliza na kucheza kinatosha bila kuongezewa chumvi: anajifunza kukaza usikivu, kutawala mwili wake, kusubiri zamu, kutofautisha sauti na sauti, na anapata furaha ambayo ni haki yake.

Muziki gani wa kuanzia? Nafasi ya kwanza naipa Karnivali ya Wanyama ya Camille Saint-Saëns, Mfaransa aliyeiandika mwaka 1886 kwa kujifurahisha na marafiki. Alihofu ingemharibia jina la mtunzi makini, akakataza isichapishwe akiwa hai, isipokuwa kipande kimoja tu, cha bata maji. Kazi nzima ilitolewa mwaka 1922, baada ya kifo chake. Ina vipande 14, vingi havifiki dakika tatu, na huo ndio urefu wa uvumilivu wa mtoto wa miaka minne.

Kipande cha tembo kinapigwa na besi kubwa ya nyuzi, ala yenye sauti nene kuliko zote katika familia ya violini, nacho kiko katika mapigo matatu kama waltz. Usiwaambie watoto kwamba ni tembo. Cheza muziki, nyamaza, tazama. Wengi watapanua miguu na kukanyaga kwa uzito, kisha utaona mmoja au wawili wameshika jambo la ndani zaidi: wanakanyaga kwa nguvu pigo la kwanza, mawili yanayofuata wanayapita kwa wepesi. Hao wamesikia waltz. Kipande cha kobe nacho ni mzaha wa mtunzi: amechukua dansi ya mtunzi mwenzake Offenbach iliyokuwa ya mbio na vishindo, akaipunguza kasi hadi inajikokota. Kutembea polepole hivyo bila kuyumba ni kazi ngumu kwa mtoto, ngumu kuliko kukimbia, na ndiyo maana ina faida.

Kwenye bata maji, anayeimbwa kwa selo, ndugu mkubwa wa violini, tunakutana na shida ndogo. Watoto wetu wengi hawajawahi kumwona ndege huyo. Sioni sababu ya kuanza na picha yake. Muziki unateleza, unapanda na kushuka kwa pumzi ndefu. Acha wamtafute ndege wao. Wako watakaokuwa korongo wa taji, yule wa bendera yetu, ambaye kwa kweli hucheza akitandaza mbawa. Wako watakaokuwa kaloli wa majalala ya Kampala, na kaloli akiwa angani huzunguka kwa utulivu mkubwa, kwa hiyo hawajakosea.

Kwa kujifunza kasi na ukubwa wa sauti hakuna kipande kinachofanya kazi kama kile cha mtunzi Grieg kuhusu pango la mfalme wa mlimani, alichokitunga kwa ajili ya tamthilia iliyochezwa Norwei mwaka 1876. Ni wimbo mmoja mfupi unaorudiwa tena na tena. Unaanza chinichini, wa kunyata, kisha kila mzunguko sauti inakua na mwendo unazidi mpaka chumba kizima kinatimka. Kwa kuganda na kushtuka, tumia sehemu ya pili ya Simfoni namba 94 ya Haydn, iliyopigwa London kwa mara ya kwanza mwaka 1792: wimbo mpole wa kutembea kwa vidole, kisha okestra nzima inalipuka kwa pigo moja. Mara ya kwanza watoto wanaruka kwa mshtuko. Mara ya tatu wanajikunyata mapema wakilisubiri pigo, na hapo ndipo unajua kwamba kumbukumbu ya muziki imeanza kujengeka.

Kosa ninaloliona mara nyingi katika shule za chekechea ni mwalimu kusimama mbele na kuonyesha miondoko, watoto wote wakamwiga kwa pamoja. Tunaelewa linakotoka. Shule zetu zina mashindano ya muziki, dansi na maigizo, na huko kucheza kwa mstari mmoja ndiko kunakopewa alama. Ni ustadi mzuri kwa mahali pake. Lakini mtoto anayemwiga mwalimu anatumia macho, na masikio yanapumzika. Kwa hiyo mwalimu akae pembeni. Akitaka kuongoza, aulize: nani amesikia pale muziki ulipopumua? Nionyeshe kwa mkono. Kipande kimoja kirudiwe wiki nzima, mara mbili tatu kwa siku, kabla ya kuleta kingine. Watu wazima huchoka upesi, watoto hudai tena. Sauti ya spika iwe ya wastani, maana spika inayopasua haina chinichini, na bila chinichini hakuna cha kusikiliza. Darasa likiwa na watoto wengi kuliko nafasi, nusu wacheze kwa mwili wote na nusu waliokaa wacheze kwa vidole hewani, kisha wabadilishane.

Hapa ndipo muziki wa nyumbani unapoingia. Mtoto wa Uganda haji mikono mitupu. Kama amekulia Mbarara ameona ekitaguriro, mikono imeinuliwa kama pembe ndefu za ng'ombe wa Ankole. Bunyoro na Tooro wana runyege na njuga za miguuni. Buganda wana bakisimba, ambapo kiuno kinakwenda na mabega yametulia. Bombo kwa Wanubi kuna doluka. Kila dansi imeshamfundisha kiungo fulani kusikiliza ngoma fulani. Mpigie bigwala ya Busoga, tarumbeta za vibuyu ambazo kila moja hutoa sauti moja tu, hivyo wimbo haukamiliki mpaka kila mtu aingie kwa zamu yake. UNESCO iliuweka muziki huo mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mpe kila mtoto sauti moja na hatua moja, aruke inapokuja zamu yake. Akitoka hapo, akisikia filimbi na klarineti zikipokezana katika okestra, hatauona ni mwujiza. Na kwa watoto wakubwa kidogo, wa miaka sita au saba, kuna kwarteti ya nyuzi ya Justinian Tamusuza, Mganda aliyezaliwa mwaka 1951, ambapo violini mbili, viola na selo zinapokezana sauti kwa namna mpigaji wa amadinda, marimba nyingine ya Buganda, angeitambua. Kundi la Kronos Quartet la Marekani lilirekodi sehemu yake ya kwanza katika albamu iliyotoka mwaka 1992.

Wapo wazazi wasiotaka muziki nyumbani kwa sababu za dini, na hao waheshimiwe. Mwalimu azungumze nao kabla.

Na yupo mtoto asiyecheza. Amejibanza ukutani, kidole mdomoni, wenzake wanatimka. Usimvute mkono, wala usimwite mbele ya wenzake. Tazama vidole vyake vya miguu, tazama anavyopumua kabla ya lile pigo la Haydn. Mara nyingi huyo amesikia mengi kuliko waliokuwa wanakimbia, na siku atakayoingia katikati ataingia mahali penyewe.