Mbwa wa miezi minane hajaharibika, usitundike kamba

Simu nyingi ninazopokea kutoka kwa wenye mbwa huja mnyama akiwa na miezi saba, minane au tisa. Zamani akiitwa alikuja mbio. Siku hizi anainua kichwa, anamtazama mwenyewe, kisha anaendelea kunusa majani. Mwenyewe anavunjika moyo: ama mbwa ameharibika, ama kazi hii ina wenyewe. Kamba inatundikwa msumarini na mafunzo yanaishia hapo.

Mbwa huyo anabalehe. Mwaka 2020, Lucy Asher wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mbwa waliokuwa wakilelewa ili waje kuongoza watu wasioona. Walipofika miezi minane, mbwa hao walikuwa wazito kutii amri ya "kaa" kuliko walipokuwa na miezi mitano. Ukaidi wenyewe waliuonyesha zaidi kwa mlezi wao. Mgeni akitoa amri ile ile, walimtii vizuri zaidi. Karibu na mwaka mmoja mambo yalikuwa yametengemaa. Huwa nawasimulia wateja habari hii mapema, mbwa akiwa bado mdogo, maana anayejua kwamba kipindi hicho kinakuja hakioni kuwa ni kushindwa kwake. (Ila mbwa akianza ghafla kukataa kukaa au kuruka, apelekwe kwanza kwa daktari wa mifugo. Nyonga inayouma nayo huonekana kama ukaidi.)

Kingine kinachomaliza hamu ni ratiba nzito. Mtu anapanga saa nzima kila jioni, lakini anafika nyumbani akiwa hoi kwa foleni. Zikimpita siku mbili tatu anajiona mvivu, basi anaacha kabisa. Huko Denmark, Iben Meyer na Jan Ladewig walionyesha mwaka 2008 kwamba mbwa aina ya beagle waliofundishwa mara moja kwa wiki walilijua zoezi kwa vipindi vichache kuliko wale waliofundishwa mara tano kwa wiki. Kwa kalenda walichelewa, ndiyo, lakini hakuna kipindi kilichopotea kwa sababu ya siku za mapumziko. Kwa hiyo mimi naagiza dakika tano, kabla ya chakula cha jioni, siku ambazo mtu ana utulivu. Siku ya hasira, mwache mbwa acheze.

Panapohitaji moyo zaidi ni pale unapomwachisha tabia. Chukua mbwa anayebweka mlangoni ili afunguliwe. Umeamua kutomjali. Siku za mwanzo atabweka kwa nguvu zaidi, atakwaruza mlango, atalia. Wengi hapo huona dawa haifanyi kazi, wanafungua. Kumbe kelele kupanda ni dalili kwamba njia yake ya zamani imeanza kugoma, naye anaisukuma kwa mara ya mwisho mwisho. Ukifungua wakati huo, umemfundisha kwamba mlango hufunguka kwa kelele za kiwango kile, na kesho ataanzia hapo. Waambie wote nyumbani, watoto na dada wa kazi pia, kisha subirini anyamaze hata kwa pumzi mbili tu, ndipo mfungue.

Na kuitika wito, ambako ndiko watu huchoka zaidi, rudi nyuma bila haya. Mfunge kamba ndefu ya mita kumi, ingia naye uani pasipo kuku wala paka, uwe na dagaa wakavu mfukoni au maini yaliyochemshwa, yakakatwa vipande vidogo. Ita jina lake mara moja. Akigeuza shingo tu, msifu papo hapo, rudi hatua mbili kinyumenyume ili avutike kukufuata. Akifika, mshike ukosi kwa upole, mpe kipande, kisha mwachie aende zake. Hilo la kumwachia watu hulisahau, na mbwa huanza kuamini kwamba kuitwa ni kufungiwa bandani. Akija vizuri mara tatu, fungeni kazi ya jioni hiyo, hata kama dakika tano hazijaisha.