Vinland Saga imeisha, Frieren inaendelea, na kwanini mimi naanza na ukimya

Mzigo wa manga, zile katuni za Kijapani, umefika watu wangu. Umetoka Dar na basi la usiku, nimeufungulia hapa Mwanjelwa vidole vimekufa ganzi maana Mbeya ya mwezi wa saba mnaijua wenyewe, na tangu siku hiyo kazi za mabango zimelala kidogo.

Kwa wageni, mimi nachora katuni na Jumamosi nafundisha watoto kuchora, kwa hiyo juzuu ikinifikia mara ya kwanza sisomi neno hata moja, napitisha macho kwenye picha mwanzo mpaka mwisho. Naangalia ile nafasi nyeupe kati ya boksi na boksi. Pale ndo muda unapopita, inaweza ikawa sekunde, inaweza ikawa mwaka mzima, na mchoraji hajachora kitu, wewe msomaji ndo unajaza kichwani. Sisi tuliokulia kwenye gazeti la katuni la Sani na wahusika wake kina Ndumilakuwili na Lodilofa tulizoea boksi limejaa maneno, mtu anaongea mwenzake anajibu, kichekesho, tunafungua ukurasa mwingine, na nayapenda yale mpaka leo. Manga ilinifundisha kwamba mtu anaweza akakaa kurasa tatu hajafungua mdomo na bado ukamwelewa. Halafu kumbukeni inasomwa kulia kwenda kushoto, kila wiki napata mtu analalamika stori haieleweki kumbe ameanzia nyuma.

Tuanze na Vinland Saga, stori ya Waviking ya Makoto Yukimura. Ilianza 2005 kwenye gazeti la kila wiki, mwaka huohuo ikahamia Afternoon linalotoka kila mwezi, na kiukweli ile kuhama ndo iliiokoa, maana uchoraji wa namna ile, majani, mawimbi, manyoya ya nguo, huwezi kuutoa kila wiki ukabaki mzima. Imekuja kuisha 2025, juzuu 29, miaka 20 ya kazi ya mtu mmoja mezani. Mwisho wake sisemi, someni.

Ila nilipomaliza nilirudi kwenye zile juzuu za shambani, zile ambazo vijana wengi wanazikimbia wanasema hamna vita. Thorfinn, mhusika mkuu, amekuwa mtumwa kwenye shamba la Ketil kule Denmark, yeye na mwenzake Einar wamepewa msitu, wafyeke, walime ngano, wauze, wajikomboe. Jamani, mtu wa huku Nyanda za Juu aliyewahi kung'oa kisiki anajua yule bwana hajabahatisha! Kuna mizizi inakataa, kuna mgongo unaouma, kuna mzee Sverkel anawaazima farasi na plau na pale unahisi kabisa wepesi wa kazi ukibadilika, mpaka mpangilio wa maboksi unapumua. Halafu ngano inachipua, miche midogo tu, inakuja kuharibiwa na watu wenye wivu, na mimi niliyelelewa na mama anayelima nilifunga kitabu nikatoka nje kwanza. Ndo maana juzuu za mwisho, walowezi wakipanda ngano Vinland, yaani Amerika ya Kaskazini, jirani na wenyeji wa pale, Walnu, zinakuwa nzito kiasi kile, sababu ulishaoneshwa mche mmoja una thamani gani.

Frieren sasa. Mwandishi Kanehito Yamada, mchoraji Tsukasa Abe, ilianza 2020 na 2021 ikabeba tuzo ya Manga Taisho. Chapta ya kwanza pekee ni darasa: marafiki wanne wanaangalia vimondo, Frieren ambaye ni elf, kiumbe wa hadithi asiyezeeka upesi, na ameishi zaidi ya miaka 1,000 anasema miaka 50 ijayo atawapeleka sehemu inayoonekana vizuri zaidi, anasema kama unavyosema tukutane wiki ijayo, na kurasa chache mbele miaka 50 imeisha kweli, Himmel, mmoja wa wale wanne, ni kizee kifupi kina kipara. Hakuna maelezo marefu, Abe kaiacha nafasi nyeupe ifanye kazi.

Juzuu ya 14 haijanikamata hivyo. Iko mji mkuu wa dola, wahusika wapya wengi wenye majina, mipango ya kuua, watu wanaelezana mambo boksi baada ya boksi. Michoro ni safi, sina neno, lakini ule ukimya umepungua na kwangu ndo ulikuwa moyo wa hii stori. Nitaendelea kununua, hawa wawili nawaamini.

Jumamosi iliyopita niliwaambia watoto wachore mtu anasubiri basi pale Kabwe, maboksi sita, neno hakuna. Binti mmoja wa darasa la tano akachora begi tu, maboksi yote sita, kivuli cha begi kinarefuka, na la sita begi halipo. Nimelibandika ukutani juu ya meza yangu.