Kwa nini mwili unakata DNA yake wenyewe wakati wa kutengeneza mayai na mbegu za kiume

Hivi ni kweli DNA inakatwa makusudi?

Kweli kabisa. Seli inayotengeneza yai au mbegu inatakiwa itoe nusu ya kromosomu (vifurushi vya DNA), yaani kutoka 46 mpaka 23, huo mgawanyiko ndo meiosisi. Sasa kabla hazijaachana, kromosomu uliyopewa na baba na ile ya mama lazima zitafutane, zishikane, zibadilishane vipande, na ili hilo litokee protini inaitwa SPO11, ikiwa imeungana na mwenzake TOPOVIBL, inakata nyuzi zote mbili za DNA. Na haikati sehemu moja tu, kwa panya ni kama mikato 200 hadi 300 ndani ya seli moja!

Mbona seli haifi?

Kwa sababu protini za kuunga zinakuja kwa makundi, na umbo la kila kundi lina kazi yake. La kwanza lina MRE11, RAD50 na NBS1. RAD50 ina mikono mirefu sana inayoshikana kwenye ncha kwa madini ya zinki, MRE11 ndo inaanza kumenya DNA pale ilipokatika, na kazi ikiendelea unabaki uzi mmoja ulio wazi. Hapo protini nyingine, BRCA2, inaleta protini za RAD51 na DMC1, zinajipanga kuuzunguka ule uzi kama springi, kila protini imeshika herufi tatu za DNA, uzi unavutika unakuwa mrefu kama mara moja na nusu. Ukishakaa hivyo ndo unaweza kwenda kusoma kromosomu ya pili, utafute sehemu inayofanana nao. Mimi hapa ndo huwa nashangaa zaidi, jinsi umbo tu linavyoamua kila kitu.

BRCA2 si ile ya saratani ya matiti?

Ndiyo hiyohiyo, ila kurithi nakala moja mbovu haimaanishi hutazaa. Kwenye meiosisi inasaidiwa na protini ya HSF2BP, na kuna wanawake wenye hitilafu kwenye hiyo HSF2BP ambao mayai yao yaliisha kabla ya miaka 40.

Mke wangu hashiki mimba na mimi nguvu zangu ziko poa, si tatizo ni lake?

Hapana kaka, hapa naomba unisikilize vizuri. Kuna jeni (kipande cha DNA chenye maelekezo ya kutengeneza protini) inaitwa TEX11, inasaidia kromosomu zishikane, na iko kwenye kromosomu X ambayo mwanaume anayo moja tu, kwa hiyo ikiharibika hana akiba. Mbegu zinakwama katikati ya meiosisi, shahawa zinatoka kama kawaida lakini ndani hamna mbegu, na ndevu, sauti, hamu, vyote viko sawa, huwezi kujua mpaka upime. Wanawake wangapi wamerudishwa kwao kwa kosa lisilo lao! Kapimeni wote wawili, na kwako kipimo cha shahawa ni rahisi kuliko vingi atakavyofanyiwa yeye.

Kuna dawa?

Kwa mbegu zilizokwama kwa sababu ya jeni kama hiyo, bado hakuna dawa iliyothibitishwa kuzifanya ziendelee, kwa hiyo anayekuuzia unga wa kuongeza mbegu bila hata kukupima, usimpe hela yako. Daktari wa uzazi anaweza kuagiza vipimo vya homoni na vya kromosomu, akishajua zimekwamia wapi ndo mtaongea kama kuna haja ya kutafuta mbegu kwenye korodani, au kutumia mbegu za mtu mwingine kama nyinyi wawili mnaridhia, au kuasili mtoto.